Kutengeneza paipu ya chuma ya mafuta inayovuja kwenye gari la zamani: mwongozo kamili

Kuanzia Mafinga mpaka Tunduma, si ajabu kukuta gereji ambako Corolla, Hilux au Mark II imeinuliwa na fundi yuko chini yake, anaunga kipande cha mpira kwenye paipu ya petroli iliyotoboka. Gari huondoka likiwa kavu. Baada ya muda linarudi, safari hii linavuja kiganja kimoja mbele ya pale palipoungwa. Kutu haili paipu kwa nukta moja. Tundu likishaonekana, chuma cha jirani nacho kimeshakuwa chembamba. Anayetaka kumaliza tatizo aondoe urefu wote ulioliwa, kisha arudishie kitu kinachohimili presha ya mfumo wa gari lake. Hayo mawili yakizingatiwa, kazi hii inafanyika hata kwenye uwanja wa nyumbani, na gari hukaa miaka bila kurudia.

Kutafuta panapovuja

Magari mengi ya zamani tunayoendesha yalianza maisha yake Japan. Yale yaliyotembea mikoa ya kaskazini ya huko, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, hufika hapa kutu ikiwa imeshaanza uvunguni. Sisi tunaongezea tope. Barabara za udongo za Rungwe, Makete na Ludewa hupandisha tope hadi kwenye chesisi, na Tukuyu mvua yenyewe haina haraka ya kukatika. Tope huingia kati ya paipu na klipu ya plastiki inayoishika, likakaa na unyevu wiki nzima bila kukauka. Ndiyo maana mahali pa kwanza pa kuangalia ni ndani ya klipu, pale pasipoonekana. Baada ya hapo angalia karibu na gurudumu la nyuma ambako mawe hupiga, angalia paipu inapoungana na mpira karibu na tenki, na popote inapogusana na waya wa hendibreki.

Tone lilipo siyo lazima ndipo tundu lilipo. Petroli hutambaa juu ya paipu mpaka sehemu iliyo chini zaidi, ndipo idondoke. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo huisukuma nyuma zaidi. Osha uvungu kwa maji ya sabuni, acha ukauke kabisa, halafu paka unga wa chaki au poda ya mtoto kando ya paipu. Palipolowa pataonekana wazi. Kwenye gari la sindano za petroli, yaani EFI, uvujaji mdogo huonekana pampu ikifanya kazi tu. Kama pampu ya gari lako huvuma swichi ikifunguliwa tu, mwambie msaidizi afungue swichi bila kuwasha injini, pampu ivume kidogo, afunge, arudie. Tumia tochi ya LED. Taa ya balbu ya waya inayoburutwa uvunguni iache kabisa, kwa sababu balbu ikipasuka penye mvuke wa petroli inatosha kuwasha moto.

Hakikisha pia kwamba unachokitazama ni petroli. Paipu ya breki hupita sambamba na ya mafuta kwenye magari mengi. Petroli hukauka haraka kidoleni na kuacha ubaridi. Mafuta ya breki huteleza na hayakauki, na kikopo chake kwenye boneti kitakuwa kimepungua. Ukikuta ni breki, gari lisisogee hapo lilipo, na mipira na klipu za kuibana nitakazozieleza hazihusiki huko hata kidogo.

Jambo jingine ni kwamba paipu mara nyingi huwa zaidi ya moja: inayopeleka mafuta mbele, inayorudisha yaliyobaki tenkini, na kwa magari mengi ya petroli kuna ya tatu ya mvuke. Zimelala pamoja na zimekula tope lile lile. Zifunge utepe wa rangi tofauti kabla hujagusa chochote.

Jua presha ya gari lako

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, nami naomba usome polepole. Gari la kabureta linasukuma petroli kwa presha ndogo, kama PSI 3 hadi 6 (PSI ni kipimo kile kile cha upepo wa tairi). Gari la EFI, na magari madogo mengi ya Japan ya miaka ya 1990 na kuendelea ni EFI, linasukuma kwa PSI 35 hadi 50, sawa na upepo wa tairi au kuzidi. Mpira na klipu vilivyodumu miaka kwenye kabureta vinaweza kuchomoka kwenye EFI siku hiyo hiyo, na vikichomoka petroli inaruka kama ya bomba la kupulizia dawa shambani, juu ya injini yenye moto.

Mpira wa mafuta huandikwa ubavuni. Ulioandikwa SAE J30R7 ni wa presha ndogo: kabureta, paipu ya kurudisha, dizeli upande wa tenki. Ulioandikwa SAE J30R9 ndio uliotengenezwa kwa EFI. Usioandikwa kitu uache dukani, hata muuzaji akuapie. Mpira wa maji au wa kompresa hulainika au kukakamaa ukikaa na petroli, na vipande vyake huenda kuziba filta. Vivyo hivyo ule utepe wa tyubu ambao watu hufunga juu ya tundu: petroli huuvimbisha ukalegea.

Kipande au paipu nzima?

Chukua bisibisi, kwaruza paipu polepole toka tenki hadi mbele, ukifungua kila klipu. Kama kutu ipo sehemu moja na kwingine rangi ya asili bado imeshika, kata sehemu hiyo na uweke kipande kipya. Ukikuta vishimo kwenye klipu ya pili na ya tatu, badilisha paipu nzima. Kwa gari la EFI mimi nachagua paipu nzima mapema zaidi, kwa sababu kila kiungo unachoongeza ni mahali papya pa kuvuja chini ya presha kubwa.

Paipu mpya iwe ya chuma iliyopakwa kinga ya kutu, au ya mchanganyiko wa kopa na nikeli inayouzwa kwa ajili ya breki, ambayo haishiki kutu na hukunjika kwa mkono. Paipu ya kopa tupu ya friji inapendwa kwa sababu ni laini na inapatikana kirahisi, lakini kwenye gari haifai. Mtikisiko huifanya iwe ngumu taratibu mpaka inapasuka, tena kopa huharakisha petroli kuchacha na kuacha utomvu. Vipimo vinavyokutwa sana ni milimita 8 kwa ya kupeleka na milimita 6 kwa ya kurudisha, ila magari hayalingani. Nenda dukani na kipande ulichokata mkononi.

Gundi ya chuma, ile ya kukanda vipande viwili, haishiki juu ya petroli inayotoka, na ikishika juu ya kutu itabanduka pamoja na kutu hiyo. Kuchomelea paipu ikiwa kwenye gari sitakueleza namna yake, maana hakuna namna ya salama. Paipu inayoonekana tupu bado ina mvuke, na mvuke huo umeungana na tenki.

Kabla hujalala chini ya gari

Fanyia kazi nje, penye hewa, mahali pa tambarare. Usiingie kwenye shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya shimoni, na unaweza kusafiri mita kadhaa mpaka ukutane na moto. Nyanda za juu tuna hatari yetu mahususi: baridi ya Juni na Julai ikibana, watu huota jiko la mkaa pembeni mwa gereji, na mama anayeuza chai naye jiko lake liko hatua chache. Baridi ile haikulindi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na Mbeya haijawahi kukaribia huko. Majiko yote yazimwe au yahamishwe, sigara pia, na simu ibaki kwa msaidizi. Jaketi za nailoni na zile za manyoya hutoa cheche ndogo za umeme unapozivua, kwa hiyo vaa pamba.

Weka karibu kizimamoto cha poda kavu na ndoo ya mchanga. Maji hayasaidii, kwa sababu petroli huelea juu yake na moto hutanda. Vaa miwani ya kazi. Ukilala chali, tone la kwanza huja usoni.

Gari lipoe kabisa. Lililotoka kupanda Kitonga au Mlima Nyoka lina bomba la moshi lenye joto la kutosha kuwasha petroli inayolidondokea, basi lipe saa mbili. Zuia magurudumu kwa mawe makubwa pande zote mbili, inua kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi za chuma. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililopangiwa matofali.

Sasa toa presha. Kwenye EFI chomoa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, washa injini iungurume mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta, piga stata tena sekunde chache. Ndipo ufungue nguzo hasi ya betri. Gari la kabureta halihitaji hilo, betri tu inatosha. Kisha fungua kifuniko cha tenki polepole. Ukiwa umetoka Kyela, iliyo chini ya mita 600 karibu na Ziwa Nyasa, ukapanda mpaka Mbeya penye takriban mita 1,700, tenki limebeba hewa ya bondeni na litapuliza kwa nguvu.

Tenki libaki na robo au chini ya hapo. Hamishia petroli kwenye dumu la mafuta lililowekwa chini ardhini, kwa pampu ya mkono. Usiivute kwa mdomo. Kiasi kidogo tu kikiingia mapafuni ni hospitali. Hata baada ya hapo, tarajia paipu itaendelea kumwaga ukiikata, kwa kuwa tenki liko juu yake. Beseni la chuma liwe tayari, na kizibo cha mpira wenye bolti ndani yake cha kufunga upande wa tenki.

Kukata na kuunga

Kata kwa kikata paipu, kile kigurudumu kidogo unachozungusha na kukaza taratibu. Msumeno wa chuma unafaa pasipofikika vingine, ila unaacha unga wa chuma ndani. Grenda isikaribie. Kata kuvuka kutu kila upande mpaka ufikie chuma ambacho ukikisugua kwa msasa kinang'aa bila vishimo. Ukifika hapo ongeza kidogo.

Nati za paipu kwenye filta au pampu huwa zimeganda. Zimwagie mafuta ya kulainisha kutu jioni, fungua kesho yake. Tumia spana mbili kila mara, moja ishike filta na nyingine izungushe nati. Ukitumia moja, paipu itajisokota na utakuwa umeongeza tundu la pili. Moto wa kulegeza nati hapa hauruhusiwi.

Njia ya kipande ni hii. Paipu laini iliyovikwa mpira juu, hata ukiikaza kwa klipu, inaweza kuchomoka. Mwisho wa paipu unahitaji uvimbe, mzingo mdogo unaozuia mpira usirudi. Fundi breki mwenye kifaa cha kutengeneza midomo ya paipu anaweza kuutoa: hatua ya kwanza ya kukunja mdomo mara mbili huacha uvimbe huo huo, mnaishia hapo. Ingiza klipu kwenye mpira kwanza, lainisha mwisho wa paipu kwa petroli kidogo, sukuma mpira uvuke uvimbe na uingie milimita 25 hadi 30. Klipu ikae nyuma ya uvimbe, upande ulio mbali na mdomo wa paipu. Kwa EFI tumia klipu nyembamba zenye kingo laini zinazobana mzunguko mzima kwa bolti na nati; zile zenye matundu ya kukazia hukata mpira ukizikaza sana. Kaza mpaka mpira uanze kubinyika kidogo pembeni mwa klipu, basi.

Kama pengo ni refu, usiweke mita nzima ya mpira. Weka kipande cha chuma kipya katikati, na mipira mifupi miwili kwenye ncha. Chuma hustahimili mawe ya barabarani, mpira haustahimili.

Paipu nzima inahitaji uvumilivu zaidi lakini ni kazi safi. Toa ya zamani bila kuinyoosha, kwani ndiyo ramani yako. Kama inavunjika, chukua waya wa kufungia nondo, uufuatishe njia ya paipu chini ya gari, kisha ukunje mpya kwa kuufuata waya. Kunja kwa dole gumba kuzunguka soketi kubwa au kopo. Mkunjo usiwe mkali kuliko mzingo wa kikombe cha chai, la sivyo paipu itabonyea na kubana njia ya mafuta. Anza kukunja toka katikati kuelekea ncha.

Ncha zenye nati zinahitaji mdomo uliopanuliwa. Vifaa vingi vya fundi friji hutoa mdomo wa kukunjwa mara moja, unaofaa kopa laini. Paipu ya chuma ikifanyiwa hivyo mdomo hupasuka kwa ufa mwembamba usiouona, na utauona ukivuja. Omba mdomo wa kukunjwa mara mbili, ambao mafundi wa paipu za breki wanautengeneza kila siku. Nati iingie kwenye paipu kabla mdomo haujatengenezwa. Gari lenye bolti ya tundu kwenye filta, yaani bolti inayopitisha mafuta ndani yake, hutumia washa za kopa pande mbili. Weka mpya, za zamani zimeshabonyea.

Kabla ya kufunga, pitisha upepo wa kompresa ndani ya paipu ikiwa nje ya gari. Weka filta mpya, mshale wake ukielekea injini, kwa sababu kutu iliyotikiswa itasafiri. Paipu ishikwe kwenye klipu zake zote, ikiwa na mpira laini kati yake na klipu, mbali na bomba la moshi, mbali na waya wa hendibreki, na isining'inie chini ya chesisi.

Chuma kilichobaki cha zamani kisugue kwa brashi ya waya na ukipake rangi ya kuzuia kutu, lakini ngoja mpaka jaribio liishe, maana rangi huficha uvujaji mdogo. Wapo wanaopuliza oili chafu uvungu mzima. Inazuia kutu kidogo, ila inaharibu bushi na mipira yote inayoigusa, pamoja na mpira uliotoka kuufunga.

Kujaribu

Rudisha fyuzi, rudisha betri. Usiwashe injini. Fungua swichi, acha sekunde chache, funga. Kama pampu huvuma swichi ikifunguliwa, rudia mara nne au tano ili presha ijae. Kabla ya hapo panguse viungo vyote vikauke, halafu baada ya hapo gusisha karatasi laini kwenye kila kiungo. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Ikiwa kavu, washa injini kizimamoto kikiwa mkononi mwa msaidizi, iungurume dakika kumi, angalia tena. Zunguka mtaani, rudi, angalia. Asubuhi inayofuata angalia kwa mara nyingine kabla ya kuwasha, kwa kuwa mpira mpya hubonyea na klipu ikahitaji kukazwa robo ya mzunguko. Fanya hivyo tena ukishatembea kama kilomita 50, hasa za barabara ya vumbi.

Matambara yenye petroli yaanike nje yakauke, usiyarundike stoo. Petroli chafu usiimwage mferejini. Mifereji yetu inaishia kwenye mito ambayo watu wanachota na kumwagilia bustani.

Kama gari ni la dizeli

Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani zenye pampu ya kimakanika huvuta mafuta toka tenki badala ya kusukumwa. Kwa hiyo tundu kwenye paipu linaweza lisidondoshe kitu chochote, bali likavuta hewa. Dalili ni gari kuwa gumu kuwaka asubuhi baada ya kulala, au kukosa nguvu na kuzima mlimani, na watu wanabadilisha nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) na kukarabati pampu kwa gharama kubwa wakati ugonjwa ni paipu ya uvunguni. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, unaofaa dizeli, kabla ya filta, washa injini na utazame. Mapovu yanayopita mfululizo ni hewa inayoingia nyuma ya hapo. Marekebisho ni yale yale ya presha ndogo, kisha utoe hewa kwa kusukuma pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu.

Paipu nene fupi zinazotoka pampu kwenda kwenye nozeli ni jambo tofauti kabisa. Presha yake hutoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Usipapase kwa kidole kutafuta inapovuja, usiikate, usiiunge: badilisha paipu nzima.

Ikitokea njiani

Zima injini, watu wote washuke na wasogee mbali. Kama ni gari la kabureta au paipu ya kurudisha, sabuni ya mche iliyokandwa ikawa laini, ikabandikwa kwenye tundu na kufungwa kwa kitambaa kigumu, huzuia kwa muda, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Mvua au maji ya barabarani ndiyo yatakayoiyeyusha, kwa hiyo inakufikisha gereji ya karibu, haikufikishi Dar es Salaam. Kwenye paipu ya EFI ya kupeleka mafuta sabuni haitashika hata dakika moja. Hapo gari halitembei kwa injini yake tena. Na kama umeharibikiwa Kitonga au mteremko wa Mbalizi, usikubali kuvutwa kwa kamba ukishuka: injini ikiwa imezima, breki hukosa msaada wake na usukani huwa mzito. Subiri gari la kubeba.